Mishale ya Barabarani na Msomaji Wake

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa na umri wa miaka 46, baada ya kufundisha sarufi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20. Yumkini hiyo ndiyo sababu sijaweza kuvitazama vibao vya barabarani kama wavitazamavyo madereva wengine. Kijana wa miaka 18 huvikariri kwa ajili ya mtihani, akapata leseni, akavisahau. Mimi nilivisoma. Nilivisoma kama nilivyozoea kusoma insha za wanafunzi, nikiuliza kitenzi kiko wapi, anayeambiwa ni nani, na je, hii ni amri au ni taarifa tu. Vingi ningevipa alama nzuri. Kibao cha kusimama kina neno moja na hakina la ziada. Kibao cha mwendo kina tarakimu, na 50 ni 50 kwa profesa na kwa utingo. Ni mshale tu ulionishinda, na siku moja mshale ulichangia kumvunja mkono kijana asiyekuwa na kosa lolote. Nitamfikia kijana huyo. Kabla yake, msomaji, naomba tuutazame mshale wenyewe, kwa sababu nadhani umesamehewa mno.

Jina lake kwetu halifichi asili yake. Mshale wa kibaoni ni mshale ule ule wa upinde, ambao Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi bado wanauchonga na kuwinda nao. Ndiyo maana tunadhani kila mtu anauelewa: ncha iko mbele, mkia uko nyuma, basi. Mwaka 1972 Wamarekani walirusha angani chombo kiitwacho Pioneer 10, wakakibandika bamba lenye michoro kwa ajili ya viumbe wa mbali, kama wapo. Miongoni mwa michoro hiyo ulikuwamo mshale wa kuonyesha njia ambayo chombo kimepita. Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich alitoa hoja ndogo yenye kuumbua: viumbe ambao hawajawahi kuwa na upinde hawana namna ya kujua maana ya mshale. Nilipokutana na hoja hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana niliona kwamba hata sisi wenye pinde tunaijua nusu tu. Mshale wa upinde una jambo moja la kusema, nalo ni "kule". Haumwambii mtu aende wala asiende. Hausemi kama ni hapa au mbele kidogo. Kibaoni tumeutwisha maneno hayo yote bila kuuongezea hata kiungo kimoja.

Chukua vibao vitatu vya duara, vyote vya buluu, vyote vyenye mshale mweupe mmoja. Katika cha kwanza mshale umelala, ncha yake iko kushoto: kata kushoto hapa hapa. Katika cha pili mshale unapanda kidogo kisha unajikunja kushoto: kata kushoto, lakini huko mbele. Katika cha tatu mshale umeinama, ncha yake inachungulia chini kushoto: usikate popote, pita tu upande wa kushoto wa kitu kilichosimama katikati ya barabara. Ni amri tatu, na tofauti zake ni mkunjo mmoja na mwinamo mmoja, nawe unakutana nazo kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Kisha uje mshale mweupe ulionyooka juu. Ukiwa ndani ya duara la buluu, ni amri: nenda mbele tu, usikate. Ukiwa ndani ya mstatili wa buluu, ni taarifa: barabara hii ni ya mwelekeo mmoja. Mshale ni ule ule na rangi ni ile ile. Kilichobadilika ni sahani yake. Ni kana kwamba neno "nenda" lingekuwa amri likiandikwa daftarini, na taarifa likiandikwa ubaoni.

Wapo watakaonijibu kwamba mfumo upo, na kwamba nimechelewa tu kuusoma. Ni kweli upo. Duara huamuru au hukataza, pembetatu huonya, mstatili huarifu. Ndivyo ulivyopangwa katika Mkataba wa Vienna wa 1968, na ndivyo Waingereza walivyokuwa wamekwisha kuupanga kwao baada ya ripoti ya kamati ya Worboys ya 1963. Vibao vya kamati hiyo vilibuniwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert, na sina budi kusema kwamba ni kazi ya kuheshimiwa. Katika vibao vyao vya kuelekeza, unaona mchoro wa njia panda yenyewe kama anavyoiona ndege, na mstari mnene ni barabara kubwa, mstari mwembamba ni barabara ndogo. Hapo mshale unasaidiwa: una mwili, una matawi, una mahali. Ugomvi wangu ni na ule mshale mpweke unaotegemea sahani kusemewa.

Tena kuna jambo ambalo walimu wa udereva hawalisemi, pengine kwa kuwa wao walikwisha kulizoea. Kibao kimesimama, barabara imelala. Mshale unaoonyesha juu hauonyeshi mbinguni. Inakupasa ukilaze kibao akilini mwako ili "juu" igeuke kuwa "mbele". Kiswahili hakina mazoea hayo. Ukimwuliza njia mtu wa Manzese hatakwambia "panda juu". Atakwambia "nyoosha", na mkono wake utanyooka sambamba na ardhi, kama barabara yenyewe. Basi mshale wa juu una mkalimani mmoja katikati. Mshale wa chini ndio wenye balaa.

Maana mshale wa chini nimeukuta na maana tatu. Katika pembetatu ya kuonya, mishale miwili imesimama bega kwa bega, mmoja juu mmoja chini, na ule wa chini maana yake ni kwamba kuna watu wanakuja kukukabili. Katika duara la buluu, mshale ulioinama chini kushoto maana yake ni kupita upande huo. Na katika vile vibao vikubwa vinavyoning'inia juu ya barabara pana, mshale wa chini maana yake ni "njia yako ni hii iliyo chini yangu, endelea nayo mbele". Kwa hiyo juu ni mbele, na chini pia ni mbele, isipokuwa pale ambapo chini ni nyuma. Mwanafunzi akiniletea kanuni ya sarufi ya namna hiyo ningemwambia akaifikirie upya.

Na si mimi tu niliyeona udhaifu huo. Katika barabara za njia nyingi huwapo njia moja ambayo dereva wake ana hiari: anaweza kunyoosha au kutoka. Mshale wa chini hauwezi kusema hivyo, kwa sababu unaonyesha lami ilipo na hausemi lami inakokwenda. Wamarekani, ambao kwa miaka mingi waliitundika mishale ya chini, waliingiza katika mwongozo wao wa 2009 kibao chenye mshale mmoja wa juu kwa kila njia, ili mshale wa ile njia ya hiari uwe na shina moja na ncha mbili. Ni jambo dogo, lakini ni la mtu aliyekaa akajiuliza msomaji wake ataelewa nini.

Shemeji yangu, ambaye ameendesha malori tangu ujana wake, hana subira na maneno haya. Siku moja nilimchorea mezani vibao viwili vya daraja jembamba, kama vilivyo katika mfumo wa Vienna na wa Uingereza. Cha kwanza ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani yake mshale mwekundu unapanda na mshale mweusi unashuka. Cha pili ni mraba wa buluu, mshale mweupe unapanda na mshale mwekundu unashuka. Kimoja kinakuambia umpishe anayekuja, kingine kinakuambia kwamba anayekuja atakupisha wewe. Nikamwuliza, mgeni atajuaje kipi ni kipi?

"Mwekundu angoje," akasema. "Basi, Mwalimu. Ukiwa wewe ndiye mwekundu, ngoja. Akiwa yeye, pita."

Nikakubali kwamba kwa maneno mawili alikuwa amefanya kazi ambayo kitabu changu cha udereva hakikuifanya. Lakini nilimwuliza tena: je, ule mwekundu unaopanda unajuaje kuwa ndio wewe?

"Kwa sababu mimi ndiye ninayepanda."

"Na kama daraja liko mteremkoni, nawe unashuka?"

Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, mshale hausomwi. Mshale unafuatwa."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Ni kweli kwake. Amekwenda Kigali mara nyingi kiasi kwamba pale Rusumo, anapotoka Tanzania tunakoendesha kushoto na kuingia Rwanda wanakoendesha kulia, mikono yake hubadilika yenyewe. Ng'ambo ya mto, kibao cha mzunguko kina mishale ile ile mitatu inayofukuzana, ila inafukuzana kinyume: kwetu huufuata mshale wa saa, kwao huukimbia. Yeye haioni mishale hiyo hata kidogo. Anafuata mkondo wa magari, na mkondo humfundisha. Anayeihitaji ni mgeni aliyefika usiku wa manane, hana gari mbele yake wala nyuma yake. Huyo ndiye msomaji halisi wa kibao. Wengine wote wanapita tu.

Na sisi tuna ushahidi wetu wa jinsi msomaji anavyoweza kusoma kingine kabisa. Katika miji yetu ya Tanzania mzunguko wa barabarani tunauita kipilefti. Asili yake ni maneno ya Kiingereza ya kumwamuru dereva akae kushoto. Watu waliona amri, wakaipokea kama jina la mahali: "Shusha kipilefti." Nimewahi kuwachekesha wanafunzi kwa mfano huo, nikidhani ni kichekesho cha lugha. Sasa nauona ni hukumu ya haki kabisa. Kibao kilichosimama mahali pamoja miaka nenda rudi, bila kuonyesha kama kinaamuru au kinataja, kisistaajabu kikigeuzwa jina.

Ugumu umezidi tangu barabara zetu zilipoanza kupanda ghorofa. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa mwaka 2018, na makutano ya Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, nami ni miongoni mwa walioshukuru, maana foleni za hapo nilizijua. Lakini ghorofa imeleta jambo jipya kwa msomaji. Anayetoka mjini kwa Barabara ya Nyerere akitaka kwenda Buguruni, ambako kuko kulia kwake, haimpasi apande daraja. Inampasa ajibane kushoto mapema, abaki chini, ndipo akate kulia kwenye taa. Yaani ili uende kulia, shika kushoto. Mwili unakataa. Mara ya kwanza nilipanda daraja, nikauona mtaa niliokuwa nikiutaka ukipita chini ya miguu yangu, na ilinibidi niende mbali kuelekea uwanja wa ndege ndipo nigeuze. Hilo lilikuwa kosa langu. Ila lilinifunza kwamba mahali pa namna hiyo mshale una kazi mbili, kuonyesha uendako na kuonyesha upande wa kushika sasa, na mtu anayesoma upesi atachukua moja tu, aghalabu ile isiyomfaa.

Mishale ninayoipenda ni ile iliyopakwa rangi juu ya lami. Imelala mahali pale pale inapozungumzia, haihitaji mkalimani. Tena aliyeibuni alifikiri: ukishuka ukaitazama kwa miguu utaona imevutwa ikawa mirefu kupita kiasi, kama kivuli cha jioni, lakini ukiwa umeketi garini inaonekana ya kawaida. Ole wake ni wawili, rangi kufutika na foleni. Mshale unauhitaji zaidi magari yanapokuwa mengi, na magari yanapokuwa mengi mshale uko chini ya matairi ya mwenzako.

Siyasemi sana yale mabango ya mchepuko, neno ambalo siku hizi lina maana yake nyingine mitaani. Barabara inakarabatiwa, mtu anapiga msumari ubao, anachora mshale kwa brashi. Mshale wa kwanza unakutoa lami. Wa pili unakuingiza kati ya nyumba za watu. Wa tatu haupo. Unasimama mbele ya banda la kuku, mama anatoka anakwambia, "Wote wanapotea hapo hapo." Aliyeweka ule wa kwanza aliijua njia nzima, kwa hiyo alipouona mshale mmoja aliiona njia yote.

Sasa nimefika kwa kijana.

Ilikuwa katika mji mmoja wa mikoani, nilikokwenda kwa ajili ya msiba wa ndugu. Nilikuwa sijawahi kufika huko. Karibu na soko kuna mitaa miwili inayokutana, yote ya mwelekeo mmoja, na pembeni kuna nguzo yenye kibao cha mstatili wa buluu, mshale mweupe juu. Nilikiona vizuri. Kilikuwa safi, wala hakikufichwa na mti. Kilinitazama usoni kikaniambia kwamba mtaa ulio mbele yangu ni wa mwelekeo mmoja, na mwelekeo ni huu wangu. Kibao chekundu chenye mstari mweupe, kile cha kukataza kuingia, hakikuwepo. Nikaingia. Hatua hamsini ndani ya mtaa, alitokeza kijana juu ya baiskeli, nyuma amefunga trei za mayai. Alikuwa haangalii mbele sana, na kwa nini aangalie, mtaa ni wake? Aliponiona alikwepa, akaingia mtaroni. Sikumgusa. Mkono wake ulivunjika chini kidogo ya kiwiko.

Baada ya kumfikisha hospitali nilirudi pale kwa miguu na askari wa usalama barabarani. Nikamwonyesha nguzo. Ilikuwa na kovu ya kugongwa, pengine na lori, na ilikuwa imezunguka robo mzunguko. Kibao kilichokusudiwa kuwatazama wanaoingia mtaa wa kwanza kilikuwa kinawatazama wanaofika mlangoni mwa mtaa wa pili, ambao magari yake hutoka. Askari alikuwa mtu mwungwana. Aliitazama nguzo, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, hii ni wanwei, kila mtu hapa anajua." Kisha akaniandikia faini ya shilingi 30,000.

Niligundua jambo pale kwenye nguzo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. Kibao cha kusimama kikigongwa kikageuka, kinanyamaza tu. Anayekuja haoni kitu. Mshale ukigeuka haunyamazi. Unaendelea kusema kwa sauti ile ile, kwa usafi ule ule, na unasema uongo. Kwa hiyo mwenye kusimika mshale angepaswa kuukagua kuliko vibao vingine vyote, na nguzo yake isingekuwa bomba la mviringo lililoshikwa kwa skrubu moja. Na faini? Niliilipa. Kisheria dereva hujibu kwa gari lake, na sikubishana. Lakini ile hoja ya "kila mtu hapa anajua" sijaikubali mpaka leo. Kama kila mtu hapa anajua, kibao kiliwekwa kwa ajili ya nani?

Jioni nilikwenda nyumbani kwa kijana na fedha za matibabu na za mayai. Mama yake alinikaribisha kiti, akanipa maji. Hakunigombeza. Alisubiri nimalize kunywa, akasema, "Nisamehe nikuulize, Mwalimu. Pale kwenye kibao, ulisoma nini?"

Nikamwambia, "Nilisoma kwamba njia ni hii, mama."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa wala kwa kukubali, akaenda kuangalia chungu chake jikoni. Nilibaki na kijana, mkono umefungwa plasta hadi kwenye bega, na sikuwa na la kumwambia kuhusu maduara na mistatili.

Mwaka uliofuata nilipita tena katika mji ule, safari hii nikiwa na shemeji, ambaye alikuwa amebeba spana ndani ya boksi lake kwa kazi hiyo tu. Hatukuihitaji. Kibao kilikuwa kimeondoka chote. Nguzo imebaki, imebandikwa tangazo la mganga na namba yake ya simu, na magari yalikuwa yakipita katika mitaa yote miwili kwa utaratibu, kila moja upande wake. Kijana nilimkuta kwenye kona, sasa ana meza yake ya mayai. Mkono ulipona, ingawa haunyooki wote. Nilimwuliza wageni wanafanyaje siku hizi.

"Wanasimama wananiuliza, Mwalimu."

"Na usiku?"

Alifikiri kidogo. "Usiku mimi huwa nimeshafunga," akasema, akaanza kunihesabia mayai.